Kabla ya Kiyoyozi, Tazama Paa

Ukiwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, saa nane mchana panda juu ya stuli sebuleni, inua kiganja hadi karibu na siling bodi bila kuigusa. Kama nyumba imeezekwa bati, utahisi joto likikushukia. Halafu saa tatu usiku pitisha mkono kwenye ukuta wa chumba unaotazama machweo. Tofali la inchi sita lililopigwa jua alasiri nzima bado lina uvuguvugu, na joto hilo linamrudia aliyelala kando yake. Paa na ukuta wa magharibi: fedha yako ya kwanza iende huko, si dukani kwa kiyoyozi.

Anza na paa. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la adhuhuri pwani yetu hukaa karibu na utosi, kwa hiyo bati hupigwa kuliko ukuta wowote. Bati lisilo na rangi hung'aa likiwa jipya, lakini ni gumu kuachia joto lililokwisha kuingia, na likishika kutu hata kule kung'aa kunakwisha. Rangi nzito, kama ile ya damu ya mzee inayopendwa sana, humeza jua. Chagua nyeupe. Aliyekwisha kuezeka akwangue kutu, aoshe bati, apake praima ya bati kisha rangi nyeupe ya nje. Nyeupe hurudisha jua na huachia joto upesi. Kama unavuna maji ya mvua ya kunywa, uliza kwanza iwapo rangi hiyo ni salama.

Chini ya bati kuna hewa moto iliyonaswa. Ipe njia: matundu chini ya upenu pande mbili, na mengine juu, kwenye ukuta wa pembetatu karibu na kofia. Hewa moto itatokea juu, ya nje ikiingilia chini. Kila tundu lifungwe wavu, maana mbu wa malaria huingia nyumba nyingi kwa kupitia upenu. Mfuko ukiruhusu, fundi atandaze foili chini ya kenchi, uso unaong'aa ukitazama chini kwenye nafasi tupu ya hewa. Foili iliyobanwa pande zote haizuii mnururisho wa joto, na ikilazwa juu ya siling bodi uso ukitazama juu, vumbi litaifubaza na nguvu yake itapungua.

Ukuta wa magharibi hautaki dawa ileile. Upenu wa sentimita 75 hivi hukinga vizuri kuta za kaskazini na kusini, ambako jua la mchana huwa juu. Jua la saa kumi alasiri hupenya chini ya upenu huo bila shida, kwa hiyo kinga ya magharibi lazima isimame wima. Panda mkungu au mwarobaini mita kadhaa kutoka kwenye msingi. Ukisubiri ukue, tumia kichanja cha mpesheni, kipenu cha makuti au pazia la mianzi lililotundikwa nje ya dirisha. Nasisitiza nje: pazia la ndani hulikuta joto limeshavuka kioo.

Upepo tunao. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kusi kusini-mashariki. Zote mbili zinatoka baharini. Dirisha la upande huo lipokee, la upande wa pili litoe, na chumba chenye dirisha moja kiwekewe nakshi yenye matundu juu ya mlango. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yananisikitisha, maana umelipia dirisha zima na linafunguka nusu tu. Omba ya kufunguka kama mlango, au ya luva, na kizingiti kishushwe ili upepo upite usawa wa kitanda. Nyavu zifuliwe, vumbi huziba hewa. Uzio wa upande wa bahari ujengwe kwa matofali ya matundu.

Asiyejenga bado ageuze nyumba ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Kiwanja kikikataa, choo, stoo na jiko viwekwe magharibi, vyumba vya kulala mashariki.

Kwa walio Njombe na Makete, shida ni baridi ya Juni na Julai. Huko dari ni ya kuzuia joto lisitoke. Miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini, basi madirisha makubwa yawe huko, mapazia yafunguliwe mchana na yafungwe kabla jua halijazama; ziba pia nyufa za milango. Lakini usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama moto unaonekana kufifia: mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala hapati nafasi ya kuamka.