TUNGOJE NENO "ILA"

Somo la mwezi: watoto wetu shuleni na mambo ya mioyoni mwao

Someni kwanza: Mwanzo 4:1–16, 1 Samweli 1:1–18, Marko 10:13–16



Katika salamu zetu kuna neno dogo linalobeba mzigo mkubwa. Mtu akikuuliza, "Habari za nyumbani?" unajibu, "Nzuri." Kisha unanyamaza kidogo, na kama aliyekuuliza hana haraka ya kuondoka, unaongeza, "Ila mama mdogo anaumwa," au, "Ila maji yameingia shambani." Habari zenyewe ziko nyuma ya "ila". Anayeondoka kabla ya kulisikia neno hilo amepata salamu tu, habari hana.

Sasa tutazame shuleni. Mwalimu anaingia darasani, watoto wote wanasimama: "Shikamoo, mwalimu!" Mwalimu anaitika, "Marahaba, kaeni," na somo linaanza. Sisi tulifanya hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na adabu hiyo ni njema. Lakini katika salamu ya watoto hamsini kwa pamoja hakuna hata mmoja anayepata nafasi ya kusema "ila". Somo la mwezi huu linahusu nafasi hiyo.

MSIMU WA KUHAMIA MASHAMBANI

Kila mkazi wa Ifakara anajua jinsi bonde letu linavyoishi. Mvua zikishika, watu huhamia mashamba ya mpunga kule mbugani. Wengine hukaa huko miezi mingi: kulima, kupanda, kupalilia, kisha kupanda juu ya dungu na kuamia ndege mpaka mavuno. Shule nayo hufungua mwezi Januari, wakati huo huo kazi ya shamba inapokuwa kali.

Mzazi basi ana njia mbili, na zote mbili ni ngumu. Akimchukua mtoto shambani, mtoto anakosa masomo. Akimwacha mjini ili asome, mara nyingi anamwacha na ndugu zake tu. Mtoto wa darasa la sita anakuwa baba na mama wa wadogo zake: anapika, anateka maji, anafunga mlango usiku. Hatuandiki haya ili kuwalaumu wazazi. Bila mpunga hakuna chakula wala daftari. Tunaandika ili tuelewe ni mtoto wa namna gani anayekaa kwenye dawati asubuhi.

KOSA LETU WENYEWE

Tulikuwa na mvulana wa darasa la tano, mtoto mwepesi wa hesabu. Mwaka mmoja mwezi wa tatu alianza kusinzia darasani. Siku ya kwanza tulimwonya. Siku ya pili tulimsimamisha. Siku ya tatu tulimchapa mbele ya wenzake. Hakulia wala hakusema neno, nasi tukahesabu kimya chake kuwa kiburi.

Baada ya siku mbili mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alitufuata baada ya ibada. Alituambia kwamba wazazi wa mtoto yule wako shambani ng'ambo ya mto. Wakati ule daraja la Mto Kilombero lilikuwa bado, maana lilifunguliwa mwaka 2018. Watu walivuka kwa kivuko na habari zilichelewa. Mtoto alibaki na mdogo wake wa kike, na yule mdogo alikuwa na homa. Kaka yake alikesha usiku tatu akimkanda kwa kitambaa chenye maji. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliogopa wazazi wake wataitwa na kusemwa. Mama huyo ndiye aliyembeba binti na kumpeleka hospitali, na kwa neema ya Mungu alipona. Angekawia siku moja zaidi, hatujui tungeandika nini leo.

Tulimwita mvulana, tukamwomba radhi. Hapo ndipo alipolia. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, na tuliyajua vema. Hatukuwa tumejifunza kumwuliza mtoto, "Una nini?" kisha kukaa kimya tukingoja jibu.

MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI

Katika Mwanzo 4 Kaini ni mkulima na Habili ni mfugaji. Sisi wa Kilombero tunaielewa habari hiyo upesi kuliko watu wengi! Kabla Kaini hajatenda dhambi, Mungu aliona uso wake umebadilika, akamwuliza sababu ya hasira yake. Hakumpiga. Alimwuliza, kisha akamwonya kwamba dhambi iko karibu naye na inampasa aishinde. Maandiko hayatuambii kwamba Kaini alijibu neno. Hasira isiyosemwa ilikwenda naye mpaka shambani, na huko ikamwua ndugu yake.

Katika 1 Samweli 1 tunamwona mzee Eli. Alimtazama Hana kwa jicho la mwalimu wa zamu: aliona midomo inacheza bila sauti, akakata shauri kwamba amelewa. Alikosea kabisa, maana Hana alikuwa na uchungu. Lakini mtazameni Eli baada ya kuelezwa: hakung'ang'ania hukumu yake. Aligeuka, akambariki. Mkubwa anayeweza kugeuka hivyo hapotezi heshima yake.

Na katika Marko 10 Bwana wetu aliwachukia, si watoto waliosumbua, bali wanafunzi wake waliowazuia. Akawakumbatia, akaweka mikono juu yao na kuwabariki.

SHULE NI JUMUIYA

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe jumuiya, watu wanaofanya kazi pamoja na kula matunda yake pamoja. Wengi wetu tulikua katika shule za namna hiyo: mchakamchaka alfajiri, shamba la shule, zamu za usafi. Mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza, watoto wengi mno waliingia madarasani, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Jumuiya ile tuliijenga kwa jembe, na ilikuwa imara. Lakini watu wanaweza kulima tuta moja na kila mmoja asijue mwenzake amelalaje. Jumuiya hutaka mikono ishirikiane, na pia mioyo ijuane.

MAMBO MANNE TULIYOYAJARIBU

1. Salamu ya mlangoni. Tulisimama mlangoni asubuhi na kumsalimu kila mtoto kwa jina lake, tukimtazama usoni. Kwa watoto hamsini ni kama dakika kumi. Tulitafuta uso uliobadilika tangu jana. Mtoto huyo hatukumhoji mbele ya wenzake. Tulimpa kazi ya kubeba madaftari mpaka ofisini, na njiani tukamwuliza.

2. Maneno ya moyo. Watoto wengi walikuwa na maneno mawili tu: "nimekasirika" na "sijambo". Lakini Kiswahili chetu ni tajiri. Kila Jumatatu tuliandika neno moja ubaoni na kulieleza. Hofu ni pale unapokijua unachokiogopa. Wasiwasi ni pale usipojua litakalotokea. Hasira inaonekana, kinyongo ni hasira iliyofungiwa ndani, mtu anacheka nawe huku anakuwekea hesabu. Simanzi ni huzuni inayokaa kimya. Upweke ni kukosa mtu hata ukiwa katikati ya watu.

Kisha tuliwapa mfano: "Baba alisema atarudi kutoka shambani Jumamosi, naye hakurudi. Una nini moyoni?" Msichana mmoja wa darasa la tatu alisimama, akajibu, "Jumamosi wasiwasi, Jumapili hasira, Jumatatu njaa." Darasa zima lilicheka, naye akacheka. Lakini sisi tulielewa kwamba hakuwa akitoa mfano. Mchana huo alikula kwetu.

3. Wawili wawili. Mwalimu mmoja hawezi kujua mioyo hamsini. Kwa hiyo kila mtoto alipewa mwenzake wa kumwangalia: asipofika shule, mwenzake anakuja kusema. Tuliwachanganya kwa makusudi, mtoto wa Mndamba na wa Msukuma, wa mkulima, wa mvuvi na wa mfugaji.

Kazi hii haikuwa rahisi. Mwaka 2012, serikali ilipoendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, watoto walikuja shuleni na maneno ya wazazi wao. Wavulana wawili walipigana bombani. Tuliwaketisha, na kila mmoja akapewa nafasi ya kusema kilichopotea kwao, huku mwenzake akisikiliza bila kumkatiza. Mmoja alisema ng'ombe walikula mpunga wao wote. Mwingine alisema ng'ombe wao wameuzwa haraka kwa bei ya kutupa, na baba yake hasemi tena na mtu. Hawakupatana siku hiyo. Lakini hawakupigana tena, na baada ya muda tuliwaona wakigawana muhindi wa kuchoma.

4. Orodha ya waliobaki. Kila Januari tuliwauliza watoto kwa upole ni nani aliyeachwa nyumbani bila mtu mzima. Orodha ilikaa kwa mwalimu mkuu, haikusomwa paredini. Kwa kila nyumba tulitafuta jirani mmoja wa kupita jioni.

Tunaongeza onyo. Siri ya mtoto si hadithi ya kusimuliwa ofisini wala kisimani. Lakini mtoto akisema kwamba anadhulumiwa au anaguzwa vibaya, hilo halifichwi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mambo hayo yafikishwe panapohusika: kwa mwalimu mkuu, ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Iko pia namba 116, ambayo mtoto au mtu mzima hupiga bila malipo.

NA KIBOKO JE?

Wazee wenzetu watasema, "Sisi tulichapwa, na tukawa watu." Ni kweli, tulichapwa. Lakini yafaa tujiulize kama ni kiboko kilichotufanya watu, au ni wale waliotulea, kutulisha na kutuombea. Hata sheria haikumpa kila mwalimu fimbo mkononi. Kanuni za mwaka 2002 zinasema mwanafunzi achapwe na mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye, visizidi viboko vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Sisi tulipomchapa yule mvulana hatukuandika popote.

Wengine wanaogopa kwamba pasipo fimbo masomo yataanguka. Jirani zetu wa Uganda walilipima jambo hili katika wilaya ya Luwero kati ya mwaka 2012 na 2014, katika shule za msingi 42. Nusu ya shule hizo zilifuata kwanza mpango wa kujenga uhusiano mwema kati ya walimu na wanafunzi na kutumia nidhamu isiyo ya kupiga. Baada ya miezi 18 watoto waliulizwa kama wamepigwa au kuumizwa na mwalimu katika juma lililopita. Katika shule zenye mpango huo ni kama 31 katika kila 100 waliosema ndiyo. Katika zile nyingine ni kama 49. Na masomo hayakuonekana kushuka.

Hatusemi mtoto asionywe. Mungu mwenyewe alimwonya Kaini. Tunasema aulizwe kwanza, kama Mungu alivyouliza kwanza.

KAZI YA MTAA WETU

Ndugu, mwalimu yuko na mtoto mpaka mchana tu. Usiku ni wa kwetu sisi majirani. Binti yule mwenye homa hakuokolewa na shule; aliokolewa na mama mmoja wa kanisa aliyegonga mlango. Basi tunaomba mambo matatu. Kila kundi la sala lijue nyumba za jirani zilizobaki na watoto peke yao. Walimu wa Shule ya Jumapili wawe na dakika chache za kuuliza habari kabla ya kuanza somo. Na ninyi wazazi mnaohamia shambani, kabla ya kufunga mizigo mwambieni jirani mmoja na mwalimu mmoja. Si aibu kusema, "Nakuachia wanangu, uwatazame."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Mungu alimwuliza Kaini, ingawa alijua yote?
2. Eli alikosea wapi, na alijirekebisha namna gani? Je, sisi tumewahi kumwomba mtoto radhi?
3. Taja watoto walio jirani nawe ambao wazazi wao wako shambani. Nani huwapitia jioni?
4. Leo jioni mwulize mtoto wa nyumbani kwako habari za shule. Akijibu, "Nzuri," usiondoke. Alisema nini baadaye?

TUOMBE

Ee Bwana Yesu, uliyewapokea watoto mikononi mwako, utusamehe kwa kila mara tulipohukumu kabla ya kusikia. Uwalinde watoto waliolala peke yao usiku huu, na wazazi wao walioko mashambani. Utupe masikio yenye subira. Amina.