Tableti Shuleni: Chombo, si Mwalimu

Mwenyezi Mungu amempa mtu akili ili aujue ukweli, na mikono ili atengeneze vyombo vya kumsaidia. Jembe ni chombo, mtumbwi ni chombo, kitabu ni chombo. Siku hizi chombo kingine chaingia katika shule, nacho chaitwa tableti. Watanzania hukiita kishikwambi. Wakatekumeni wengi ni wazazi. Yawapasa kujua kama chombo hiki chafaa, na chafaa kwa namna gani.

1. Tableti ni kitu gani?

Ni kibao chembamba chenye uso wa kioo, ukubwa wake kama daftari. Ndani yake mna betri ya kuweka umeme, na mna programu, yaani masomo yaliyopangwa kwa picha, sauti na maandishi. Mtoto agusapo herufi kwa kidole, huisikia sauti yake. Akikosea, hurudia hata mara kumi pasipo kuchekwa na mtu.

Programu nyingine huhitaji intaneti. Nyingine huwekwa ndani mara moja, kisha hutumika hata mahali pasipo na mtandao. Kwa vijiji vilivyo mbali na mji wa Kindu, hizo za pili ndizo zifaazo, na umeme waweza kupatikana kwa mabamba yanayopokea mwanga wa jua.

2. Jambo lililojaribiwa Tanga

Katika mkoa wa Tanga, nchini Tanzania, chombo hiki kilijaribiwa kuanzia mwaka 2017 katika vijiji karibu 170. Watoto karibu 3,000 walipewa tableti zenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wamepata kwenda shule. Zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Vituo vya umeme wa jua viliwekwa vijijini ili betri zijazwe.

Baada ya miezi 15 watoto walipimwa. Idadi ya wale wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 makundi mawili yaliyotengeneza programu zilizoshinda yaligawana tuzo ya dola milioni 10, na programu zao zikatolewa bure kwa watu wote.

Habari hii ina mafundisho mawili. La kwanza: mtoto wa kijijini hapungukiwi na akili, akipewa njia, hujifunza. La pili: kupungua kwa nusu si kwisha. Wako watoto waliokaa na kibao hicho miezi mingi, na bado hawakusoma.

3. Kwa nini mwalimu hawezi kuondolewa

Tableti haijui kwamba mtoto amekuja shuleni na njaa, wala kwamba mamaye ni mgonjwa. Mwalimu ajua. Tena, Kiswahili cha Tanga si sawa kabisa na kile kisemwacho sokoni Kindu. Neno likimshinda mtoto, mwalimu ndiye amfafanuliaye, na ndiye amwongozaye kutoka Kiswahili hadi Kifaransa.

Tangu mwaka 2019 serikali ya Kongo imeanza kutekeleza elimu ya msingi isiyo na malipo, na madarasa mengi yamejaa. Basi mwalimu mwenye tableti chache aweza kuwapa watoto wachache zoezi, huku akiwafundisha wengine kusoma. Hapo chombo kimemsaidia. Lakini akiwagawia na kwenda kuketi chini ya mwembe, hakuna somo tena. Mwaka 2023 UNESCO ilionya hivyohivyo: ufundi usishike nafasi ya mwalimu.

4. Bati la Maniema

Vipande vidogo vya umeme vilivyo ndani ya tableti huunganishwa kwa bati. Bati hutoka katika jiwe liitwalo kasiteriti, nalo huchimbwa Kalima, Kailo na Punia, katika mkoa huuhuu wa Maniema. Mzazi na afikiri vema: mtoto aachaye shule ili kuosha mawe mtoni anachimba kitu ambacho kwacho mtoto wa nchi nyingine atajifunza kusoma. Kuzijua tableti hakutamfaa mzazi huyo kitu, ikiwa mwanawe mwenyewe hayumo darasani. Fedha za machimbo huisha upesi. Kusoma hakuibiwi wala hakuishi.

5. Amri za Mungu

Amri ya sita yakataza picha chafu; kwa hiyo mtoto asiachiwe intaneti bila mtu mzima karibu. Amri ya saba yataka mali ya shule itunzwe. Auzaye tableti ya shule amewaibia watoto wote. Amri ya nane yakataza uongo; si kila kionekanacho katika kioo ni kweli.

Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alijua sana kompyuta. Aliitumia kueneza habari za miujiza ya Ekaristi, naye alishiriki Misa kila siku. Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Kompyuta ilikuwa mtumishi wake, haikuwa bwana wake.

Maswali na majibu

Swali: Je, tableti ni kitu kibaya?
Jibu: Hapana. Ni chombo; wema au ubaya wake hutoka kwa mtu akitumiaye.

Swali: Je, shule isiyo na tableti haiwezi kufundisha?
Jibu: Yaweza. Mwalimu mwaminifu, ubao na chaki vimewafundisha watu wengi.

Swali: Je, mkatekumeni aweza kujitayarisha kwa Ubatizo kwa tableti peke yake?
Jibu: Hapana. Aweza kusikiliza somo humo, lakini imani hupokewa katika Kanisa, kati ya ndugu, na Ubatizo hutolewa kwa maji na mkono wa mtu.

Azimio la juma hili

Kila mzazi amwulize mtoto wake jioni: «Leo umejifunza nini?» Asiyejua kusoma naye aulize, mtoto ataona kwamba masomo yake yana thamani nyumbani. Na aliyemtoa mtoto shuleni ampeleke kwenye machimbo, na amrudishe kabla ya Dominika.