Dondoo muhimu: Bia na kitambi

Bia haina mafuta, lakini kitambi hakisubiri mafuta ili kiote. Gramu moja ya kilevi ina kalori 7. Ya sukari ina 4. Chupa ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 hubeba kalori zipatazo 200. Nne ni 800, na bado hujaagiza chakula.

Na hapo kwenye kuagiza ndipo penye balaa. Mwili huchoma kilevi kwanza, kwa hiyo mafuta ya chipsi na kitimoto huwekwa akiba. Kilevi nacho huamsha njaa. Kula nyumbani kabla ya kutoka. Ukiwa baa, chagua samaki au kuku wa kuchoma na kachumbari.

Agiza chupa moja moja, hata kama meza nzima inapiga raundi. Katikati, kunywa maji. Konyagi na soda? Soda ina sukari yake.

Kuruka mlo wa mchana ili “kufidia” ni kujidanganya: utalewa haraka, kisha usiku utakula maradufu. Anayetumia dawa za kisukari amuulize daktari kwanza, maana kilevi kinaweza kushusha sukari ghafla.