Chama cha Wenye Viwanda vya Alumini na Usafi wa Hewa

Sufuria nyingi tunazopikia nyumbani na shuleni zimefanywa kwa alumini. Wengi wetu twajua wepesi wake, lakini ni wachache wajuao jinsi inavyopatikana na jinsi inavyoweza kuharibu hewa. Yafaa tujifunze habari hizo, na pia kazi iliyofanywa na chama cha wenye viwanda hivyo.

1. Jinsi alumini inavyopatikana

Kwanza huchimbwa udongo uitwao boksaiti. Tani 4 hivi za udongo huo hutoa tani 2 za unga mweupe, yaani alumina, na tani 2 hizo hutoa tani 1 tu ya alumini. Unga hutiwa katika tangi lenye chumvi iliyoyeyuka kwa joto la digrii 960 hivi za Sentigredi. Ndani ya chumvi hiyo mna florini. Kisha umeme mwingi hupitishwa kwa vipande vikubwa vya kaboni, na alumini hutuama chini. Njia hii iligunduliwa mwaka 1886 na Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mtu peke yake.

2. Madhara yanapoanzia

Unga ukipungua mno katika tangi, umeme hupanda ghafula, na florini hushikana na kaboni ikawa gesi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, lakini uzito uleule wake huzuia joto la dunia zaidi ya mara 6,000 kuliko hewa ya kaboni itokayo kwenye moto. Tena hukaa angani miaka kama 50,000. Basi gesi iliyotoka viwandani mwaka 1900 ingali juu ya vichwa vyetu. Zamani wafanyakazi walichoma miti mibichi ndani ya tangi ili kulituliza, lakini hapo gesi ilikuwa imekwisha kutoka.

3. Kazi ya chama

Mwaka 1972 makampuni ya alumini yaliunda chama ambacho sasa huitwa International Aluminium Institute, na makao yake yako London. Makampuni hayo hushindana sokoni, na chama hakina polisi wala mahakama. Kilifanya nini, basi? Kilihesabu. Kila mwaka kiliviuliza viwanda: umeme umepanda mara ngapi, na kwa dakika ngapi? Kisha kilipanga majibu bila kutaja majina, hata kila msimamizi akaona nafasi yake. Aliyejikuta nyuma alijua kwamba yuko mwenzake mwenye mitambo kama yake aliyeweza.

Dawa yenyewe ilikuwa kulisha tangi unga kidogo kidogo kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Tena umeme uliokuwa ukipotea uliokolewa. Tangu 1990 hadi 2006, gesi hiyo kwa kila tani ya alumini ilipungua kwa zaidi ya robo tatu. Ndipo chama kikaahidi kupunguza nusu ya iliyobaki kwa kila tani kabla ya kwisha mwaka 2020.

4. Upungufu wake

Tusisifu kupita kiasi. Mwaka 1990 dunia ilitengeneza tani milioni 19 hivi za alumini. Mwaka 2023 zilikuwa karibu milioni 70. Hata gesi ikipungua kwa kila tani, tani zenyewe zimezidi. Tena kwa miaka mingi viwanda vingi vya China havikuwamo katika hesabu hiyo, na umeme utokanao na makaa ya mawe bado huchafua hewa.

5. Funzo kwetu

Huko Katwe, Kampala, mafundi huyeyusha vyuma chakavu vya alumini na kutengeneza sufuria. Kazi hiyo ni njema, kwa maana kuyeyusha alumini kuukuu huhitaji kama sehemu 5 tu katika 100 za nguvu zinazohitajiwa kupata mpya, wala haitoi gesi ile. Lakini asimamaye karibu na tanuri huvuta moshi. Mafundi wa mahali popote wakiungana, wakahesabu ni tanuri ngapi hazina bomba la moshi, na kila mmoja akaona jinsi mwenzake alivyotengeneza lake, hawatangoja kusukumwa na serikali. Asiyejua kiasi cha uchafu wake hawezi kujua kama ameupunguza.