SOMO LA ROBO HII: KWA NINI MTOTO ARUDISHWE KLINIKI?



Katika sharika tunaulizwa mara kwa mara: "Mtoto alishachomwa sindano ya pentavalenti akiwa na wiki 6. Ya nini tena wiki ya 10 na ya 14?" Ni swali zuri. Tujifunze pamoja.

Chanjo ikiingia mwilini, chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B huinasa kwa kingamwili zao. Mwanzoni hushika kwa ulegevu, kama ufunguo usiokaa vizuri kwenye kitasa. Seli hizo hukusanyika kwenye tezi, kama zile za kwapani, na huko hubadilisha maandishi ya jeni za kingamwili zao.

Kimeng'enya kiitwacho AID, kilichogunduliwa Japani mwaka 1999 na kundi la Profesa Tasuku Honjo, hugeuza herufi C ya DNA kuwa U, herufi isiyo ya DNA. Vimeng'enya vya kurekebisha hufika, lakini kimojawapo, polimerasi eta, hunakili kwa makosa mengi. Hivyo kila seli inapogawanyika, hubadilika takriban herufi 1 kati ya 1,000 za jeni hizo, karibu mara milioni moja kuliko kawaida.

Je, makosa hayo hayadhuru? Mengi hayana faida, na seli zilizoharibika hufa. Chache hushika vizuri zaidi. Hizo husaidiwa na seli T, huongezeka, hubadilika tena, na baadhi hubaki kuwa seli za kumbukumbu. Ni kama mkulima anayechagua mbegu bora kila msimu.

Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Dozi inayofuata huziamsha seli zilizokwisha kuchujwa na kuziongeza. Mtoto anayeishia dozi ya kwanza hubaki na kinga hafifu dhidi ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria wa Hib.

Wafadhili wetu, mnapochangia usafiri wa wahudumu wa chanjo kwenda vijijini, kumbukeni safari ya pili na ya tatu pia.

Maswali ya kujadili:
1. Katika mtaa wetu, ni watoto gani hawakurudishwa kliniki? Wazazi wao walizuiwa na nini?
2. Nani atakagua kadi za watoto baada ya ibada, na lini tutaanza?