Aliye Katika Majaribio ya Kazi

Somo letu la safari hii linahusu jambo linalowapata vijana wetu wengi waanzapo kazi, nalo ni muda wa majaribio. Watu hudhani kwamba aliye katika majaribio hana haki yo yote, na kwamba aweza kuambiwa "kesho usije" pasipo maelezo. Tulitazame neno lenyewe kwanza.

Kumjaribu mtu ni kumpima. Sisi tuliofundisha katika vyuo vya ualimu tunaijua kazi hiyo. Mwanachuo alipokwenda skuli kufanya mazoezi ya kufundisha, mkufunzi alikaa nyuma ya darasa, akasikiliza, kisha akamwandikia makosa yake na kumweleza. Siku nyingine alirudi kutazama kama yamesahihishwa. Hapo ndipo alipoweza kusema kwamba huyu amefaulu au ameanguka. Mtu asiyetazamwa hata siku moja hakujaribiwa.

Sasa tuchukue mfano. Kijana ameajiriwa katika hoteli ya pwani, tuseme Paje au Nungwi, mwanzoni mwa Disemba, wageni wakiwa wengi. Mkataba wasema majaribio ni miezi 3, na mwajiri aweza kuyaongeza apendavyo. Machi anaongezewa. Aprili mvua za masika zinashuka, vyumba vitupu, naye anaambiwa hakufaa. Je, kosa lake halikuonekana miezi yote ile mpaka mvua iliponyesha? Hatusemi kila anayeachishwa ameonewa. Wako vijana wanaofika kazini saa wanayotaka wao. Lakini ikiwa kazi ilikuwa ya msimu, ingeandikwa hivyo tangu mwanzo, naye akajua.

Tufahamu pia kwamba mambo ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Nambari 11 ya mwaka 2005, na Bara wana yao, Nambari 6 ya 2004. Basi maneno ya jamaa yako wa Dar es Salaam usiyachukue kama yalivyo. Hata hivyo yafaa kuyajua. Sheria ya Bara haimpi asiyetimiza miezi 6 kazini ile kinga ya kuachishwa isivyo haki. Lakini kanuni zilizotolewa huko mwaka 2007 zasema majaribio yasizidi miezi 12, na mwajiri amwangalie mfanyakazi, amweleze kasoro zake, ampe nafasi ya kujibu na muda wa kujirekebisha kabla ya kumwondoa. Ni yale yale ya mkufunzi nyuma ya darasa.

Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya 2007 ilimruhusu mwajiri kumwondoa aliye majaribioni bila ya kumsikiliza. Julai 2021 majaji 3 wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi walitamka kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba, ambayo yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini.

Kazi kubwa ni kabla ya kutia saini. Kijana asione haya kuomba mkataba akausome nyumbani, na wazazi wasimharakishe kwa furaha ya kupata ajira. Majaribio yaanza lini na kwisha lini? Nani atampima? Yakiongezwa, ni kwa sababu gani na mara ngapi? Notisi ni siku ngapi? Kama umeandikwa kwa Kiingereza asichokielewa, amtafute anayekijua. Nakala moja ibaki kwake.

Akiachishwa, aombe sababu kwa maandishi, wala asitie saini karatasi isemayo ameacha mwenyewe. Ujira wa siku alizokwisha fanya ni wake. Kisha aende Kamisheni ya Kazi, ambako kuna kitengo cha kushughulikia migogoro, na asikawie. Asiende mikono mitupu: achukue mkataba, hati za mishahara, na daftari alimoandika tarehe na maneno aliyoambiwa.