Rinda jioni, raba asubuhi: Jitunze katika starehe zako mbili

JE, wewe ni mwanamume upendaye kuamka alfajiri na kukimbia kabla matatu hazijajaa barabarani? Na jioni, mlango ukishafungwa, je, hupenda kuvaa rinda ukakaa ndani kwa utulivu? Kama ndivyo, bila shaka la kwanza hulisimulia afisini kwa fahari, na la pili hujamwambia mtu. Huenda pia umewahi kukosa usingizi ukijiuliza: "Je, mimi ni mgonjwa?"

Jibu la kitabibu ni la. Shirika la Afya Duniani (WHO) zamani liliweka uvaaji wa mavazi ya jinsia nyingine katika fungu la matatizo ya akili. Katika orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, jambo hilo halimo tena. Madaktari wa akili wa Marekani nao, tangu 2013, hawauhesabu uvaaji huo kuwa ugonjwa ila pale unapomletea mtu dhiki kubwa au kuvuruga maisha yake.

Si jambo geni

Hata katika nchi yetu, nguo hazijawa na maana moja nyakati zote. Mwaka wa 1909, A. C. Hollis aliandika katika kitabu chake juu ya Wanandi kwamba vijana wa kiume waliokuwa wakitahiriwa walivalishwa kwa muda mavazi na mapambo ya kike. Hiyo ilikuwa mila ya jando wala haikuwa starehe, lakini yaonyesha kuwa vazi pekee halikumwondolea mtu uanaume wake. Na ni jamii hiyo hiyo iliyotuletea Kipchoge Keino, mshindi wa mbio za mita 1,500 kule Mexico mwaka wa 1968.

Mbio na rinda zimewahi kukutana pia. Vilabu vya mbio za kujifurahisha viitwavyo Hash House Harriers vilianzia Kuala Lumpur mwaka wa 1938, na Nairobi pia vimo. Mwaka wa 1987, huko California, mwanamke mmoja aliwafikia wakimbiaji hao akiwa na rinda jekundu, akakimbia nalo. Mwaka uliofuata wenzake wa San Diego, wanaume kwa wanawake, walivaa marinda mekundu na kukimbia. Mbio za aina hiyo zimeenea duniani, na mara nyingi huchangisha fedha za kusaidia wasiojiweza.

Anza mbio polepole

WHO hushauri mtu mzima afanye mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150 kila wiki, na mbio ni miongoni mwayo. Ikiwa hujazoea, kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, kisha rudia kwa nusu saa. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, na upumzike siku moja katikati. Ukiweza kusema sentensi fupi ukikimbia, kasi yako inafaa. Ukishindwa hata kusema neno, punguza. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama na umwone daktari.

Starehe hizi zinapokutana mwilini

Hapa ndipo wengi huumia bila kujua sababu. Viatu vya visigino virefu, vikivaliwa mara kwa mara, hufanya misuli ya nyuma ya mguu ifupike na kano ya kisigino ikakamae. Ukitoka humo ukaingia katika raba na kukimbia, kano huvutwa kwa nguvu na kuuma. Basi usivae visigino virefu usiku wa kuamkia mbio ndefu. Kila siku simama ukisukuma ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, uhesabu hadi 30, kisha ubadilishe mguu.

Mshipi wa kubana kiuno huzuia pumzi na waweza kuleta kiungulia. Uvae kwa muda mfupi, na usikimbie nao kamwe. Sidiria iliyobana huchubua ngozi, na jasho likiingia huwasha. Paka mafuta ya mgando mahali panaposuguana kabla ya kutoka. Ukinyoa miguu, tumia wembe wako mwenyewe, usiazime, na uipumzishe ngozi siku hiyo. Vipodozi navyo vioshe kabla ya kulala, ili uso usitokwe na vipele.

Mzigo wa siri

Hata hivyo, kinachoumiza zaidi aghalabu ni hofu. Wapo wanaochoma nguo zao zote kwa majuto, na baada ya miezi miwili wananunua nyingine, na mzunguko huo hauishi. Wengine huzamisha aibu katika pombe. Mwendo huo huchosha akili na mfuko pia.

Kama una mke, kuna hatari kwamba siku moja atakuta nguo kabatini na kudhani ni za mwanamke mwingine. Ni afadhali asikie kutoka kwako, siku tulivu, watoto wakiwa hawapo. Huenda atauliza kama bado unampenda, au kama unapenda wanaume. Mjibu kwa ukweli na bila hasira. Mwambie kwamba wengi wa wanaume wenye mazoea haya ni waume wa watu na wanapenda wanawake. Mpe muda, usimshurutishe akubali usiku mmoja. Kwa majirani na wafanyakazi wenzako, huna deni la kueleza. Watu wakijua wanaweza kukudhuru, basi chagua kwa busara wa kumwamini.

Kipimo cha starehe zote mbili ni kimoja. Je, inakujenga au inakubomoa? Mkimbiaji anayekimbia na goti lililovimba, au anayewasahau watoto kwa ajili ya mazoezi, amepita kiasi. Ndivyo alivyo pia anayenunua marinda kwa pesa za karo. Ukiona umefika hapo, au huzuni haikuachi kwa wiki mbili mfululizo, mwone daktari au mshauri nasaha. Vinginevyo, funga kamba za raba zako, utoke kesho alfajiri, na jioni urudi nyumbani ukapumzike utakavyo.